Mbona hakusema? Kuzielewa filamu huru kuhusu kiwewe cha utotoni

Kila inapotoka filamu huru kuhusu mtu mzima aliyeumizwa utotoni, malalamiko yanayofuata hufanana. Hadithi imekatwakatwa, hujui kipi kilitangulia. Mhusika mkuu alinyamaza miaka yote, leo ndio anasema. Bado anamtembelea mtu aliyemuumiza, tena anamletea zawadi. Mkosaji hafungwi, filamu inakatika, taa zinawashwa. Na kuna swali lisilokosekana: haya yalitokea kweli au yametungwa?

Ni maswali ya haki, na anayeyauliza hastahili kuambiwa kwamba hajui sanaa. Ila mengi ya mambo yanayoonekana kuwa kasoro za filamu hizi ndivyo kiwewe chenyewe kilivyo. Mwongozaji amekataa kuinyoosha hadithi ambayo kwa aliyeipitia haikunyooka. Ili kuliona hilo, tuanze na maneno mawili yanayotumiwa hovyo: filamu huru na kiwewe.

Filamu huru ni ile inayotengenezwa nje ya studio kubwa za kibiashara. Fedha zake hutoka kwenye ruzuku za taasisi za sanaa, kwa wawekezaji wadogo, kwenye michango ya watu, au mfukoni mwa mwongozaji mwenyewe. Wengi hudhani jina hilo ni njia ya heshima ya kusema filamu ya bei rahisi, au kazi ya wanaojifunza. Sivyo. Moonlight ya Barry Jenkins, iliyotoka mwaka 2016 na kufuatilia maisha ya mvulana aliyekua na mama mraibu wa dawa za kulevya huku akionewa shuleni, inatajwa kutengenezwa kwa takriban dola milioni 1.5, fedha ambazo kwa studio kubwa hazitoshi hata kumlipa nyota mmoja. Mwaka 2017 ilitwaa Oscar ya filamu bora.

Jambo la msingi ni nani mwenye kauli ya mwisho. Studio iliyoweka fedha nyingi inataka zirudi, na njia inayoaminika ni kuwapa watu walichozoea: mkosaji anajulikana mapema, muziki unakuelekeza wakati wa kulia, na mwishoni kuna mahakama au kukumbatiana. Mwongozaji huru mara nyingi hana mtu wa kumlazimisha kuongeza onyesho la ushindi. Anaweza kuiacha kamera imtazame mtu aliyekaa kimya kwa dakika nzima. Kwa hadithi za mapenzi au ujambazi uhuru huo ni anasa. Kwa hadithi za kiwewe ni hitaji, kwa sababu sehemu kubwa ya kiwewe ni kimya.

Neno drama nalo lina maana yake hapa: ni filamu ya kubuni yenye waigizaji na muswada, tofauti na filamu ya makala, ambapo watu halisi huzungumza wenyewe. Hata pale hadithi inapotokana na maisha ya mtu, ikishaigizwa imekuwa drama. Tutalirudia hili tutakapofika kwenye swali la ukweli na utunzi.

Sasa kiwewe. Siku hizi neno hili linabandikwa kila mahali, kuanzia kufeli mtihani hadi kuachwa na mpenzi. Maumivu hayo ni ya kweli, lakini wataalamu wa saikolojia wanapozungumzia kiwewe wanamaanisha kile kinachobaki ndani ya mtu baada ya tukio, au mfululizo wa matukio, lililozidi uwezo wake wa kulibeba, mara nyingi kwa sababu maisha au mwili wake ulikuwa hatarini. Watoto wawili wanaweza kupitia jambo lilelile, mmoja akabaki na kiwewe na mwingine asibaki nacho. Inategemea umri, muda ambao jambo liliendelea, nani alilifanya, na zaidi ya yote kama palikuwa na mtu mzima wa kumkimbilia.

Kitabibu, hali hii ilichelewa kupata jina. Msongo unaofuata kiwewe uliingizwa rasmi kwenye mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 1980, hasa baada ya madaktari kuwaona askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam. Lakini askari alikwenda vitani akiwa mtu mzima, na vita viliisha. Mtoto anayepigwa au kudhalilishwa nyumbani kwao anaishi ndani ya vita yenyewe, na anayemshambulia ndiye anayemlisha. Mwaka 1992 daktari wa akili Judith Herman alipendekeza aina ya pili, kiwewe changamani, kwa watu walioumizwa mara kwa mara wakiwa hawana pa kutokea. Shirika la Afya Duniani limeitambua katika orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu Januari 2022.

Mtu mwenye kiwewe changamani anaweza kurudiwa na tukio kana kwamba linatokea sasa, kukwepa kila kinachomkumbusha, na kuishi akiwa macho muda wote. Juu ya hayo kuna mambo matatu zaidi: hisia zinazolipuka au kufa ganzi, kujiona hana thamani, na ugumu wa kukaa karibu na watu. Ukiyajua hayo, utamsoma mhusika kwa urahisi zaidi. Anashtuka mlango unapofungwa nyuma yake, kisha anajifanya hakushtuka. Kila chumba anachoingia anachagua kiti kinachotazama mlango. Mpenzi wake anamgusa bega akiwa usingizini naye anaamka akipiga ngumi. Anamwacha mtu mwema siku ileile mtu huyo alipomwambia anampenda. Hakuna anayekuja kutueleza sababu, na wala haitakiwi aje. Mwenyewe hajaijua bado.

Hadithi hukatwakatwa kwa sababu ya kumbukumbu. Mtu akiwa kwenye hofu kubwa, mwili humwaga homoni za tahadhari na akili yote huelekea kwenye kile kinachomtisha. Ni kama kuingia kwenye chumba kigeni gizani ukiwa na tochi ndogo. Kilichoangukiwa na mwanga unakiona kwa ukali wa ajabu na hutakisahau. Kilicho hatua moja pembeni hakipo kabisa. Miaka ishirini baadaye ukiulizwa chumba kilikuwaje, utaeleza ua lililochorwa kwenye zulia, lakini hutajua mlango ulikuwa upande gani wala ilikuwa saa ngapi. Watoto wengine hujitenga kabisa na kinachotokea: mwili upo, akili imehamia darini inahesabu mbao. Mtu wa namna hiyo hawezi kukupa simulizi yenye mwanzo, kati na mwisho. Anakupa zulia na mbao.

Mwongozaji anayejua hili hutupatia vipande hivyohivyo: sauti ya maji ya bomba bila kuonyesha bafu, kiatu cha mtu mzima mlangoni, onyesho lilelile linalorudi mara tatu na kila mara limebadilika kidogo. Mfano wa wazi kuliko yote ninaoujua ni The Tale ya Jennifer Fox, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Sundance Januari 2018. Fox, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mtengenezaji wa filamu za makala, alisimulia kisa chake mwenyewe cha kudhalilishwa kingono na mtu mzima akiwa na miaka 13. Mwanzoni mhusika anajikumbuka kama msichana mrefu, anayekaribia kuwa mwanamke, na mwigizaji tunayemwona ni wa umri huo. Kisha mama yake anamwonyesha picha halisi za wakati ule. Maonyesho yaleyale yanarudi, safari hii akiigiza mtoto mdogo, mwembamba. Maneno ni yaleyale, watu ni walewale, na kila kitu kimegeuka. Kwa miaka mingi aliamini yalikuwa mapenzi, na imani hiyo ilisimama juu ya kosa la kumbukumbu kuhusu ukubwa wa mwili wake.

Hapa inabidi kuwa waangalifu. Mwanasaikolojia Elizabeth Loftus ameonyesha kwa tafiti nyingi kwamba kumbukumbu ya binadamu hubadilika, na kwamba mtu akichochewa anaweza kukumbuka hata jambo ambalo halikutokea. Wengine huichukua hoja hiyo kama rungu la kumpigia kila anayesema aliumizwa. Lakini kukosea rangi ya gari au mwezi wa tukio hakufanyi tukio lenyewe kuwa la uongo. Sote tunakosea mambo hayo hata kuhusu harusi zetu. Filamu nzuri huyashika yote mawili kwa pamoja: kumbukumbu ina mashimo, na aliyeumizwa aliumizwa.

Tuje kwenye swali linaloulizwa kwa ukali kuliko yote. Mbona hakusema?

Tume ya Kifalme ya Australia iliyochunguza jinsi taasisi zilivyoshughulikia udhalilishaji wa kingono wa watoto ilifanya kazi kuanzia mwaka 2013 hadi 2017. Iliwasikiliza maelfu ya manusura faraghani. Kwa wastani, waliozungumza nayo walichukua miaka 23.9 kabla ya kumwambia mtu yeyote. Mtoto wa miaka 10 anakuwa mtu wa miaka 34. Kwa hiyo mhusika anayefungua mdomo akiwa na watoto wake mwenyewe si mbinu ya mwandishi kunogesha hadithi. Ndio mwendo wa kawaida wa jambo hili.

Sababu ni nyingi na huwa zinashikana. Mtoto mdogo huenda hana hata neno la kuliita lililotokea. Anayemuumiza mara nyingi ni mtu wa karibu, anayependwa na kuaminiwa na kila mtu, na ambaye mtoto naye anampenda. Ameambiwa ni siri yao wawili. Ameambiwa mama atalia, baba ataondoka, nyumba itavunjika, na kwa akili yake ya utoto yeye ndiye atakuwa ameivunja. Wengine walisema na hawakuaminiwa, wakaapa kutorudia. Tena kuna aibu, ambayo kwa namna isiyo na haki hata kidogo humwangukia aliyetendewa.

Hilo la mapenzi linawachanganya wengi, kwa hiyo nilisemee zaidi. Mtazamaji anamwona binti akimuuguza baba aliyemdhalilisha na anaghadhibika: si aondoke tu! Ila mtoto hana namna ya kuishi bila wazazi. Akikubali moyoni kwamba anayemlea ni hatari, hana pa kusimama. Njia anayoiona ni kuamini kwamba mzazi ni mwema na yeye mwenyewe ndiye mbaya. Imani hiyo ilimwokoa akiwa na miaka sita. Tatizo ni kwamba haiondoki yenyewe anapofikisha arobaini. Kwa hiyo zile zawadi na simu za kila Jumapili zinatusimulia kiwewe kwa usahihi mkubwa kuliko onyesho la kelele na vyombo kuvunjwa.

Pembeni ya mtoto aliyenyamaza huwa kuna watu wazima walionyamaza pia, na filamu huru ndizo zimelishughulikia jambo hili kwa ujasiri. Festen ya Thomas Vinterberg, kutoka Denmark, mwaka 1998, inatokea kwenye sherehe ya baba kutimiza miaka 60. Kijana wake mkubwa anasimama, anagonga glasi, na kusema mbele ya wageni kwamba baba yake aliwadhalilisha yeye na pacha wake, dada ambaye amejiua hivi karibuni. Kinachofuata ndicho kinachoumiza: chakula kinaendelea. Mtu anasimama kutoa hotuba nyingine, wageni wanaimba, na anayesumbua shughuli anaonekana kuwa mwana, si baba. Ilipigwa kwa kamera ndogo ya mkononi, bila muziki wa kuongezwa wala taa za studio, nawe unajihisi mmoja wa wageni wasiojua watazame wapi.

Rungano Nyoni aliifikia mada hiyohiyo Zambia katika On Becoming a Guinea Fowl, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 2024. Shula anaikuta maiti ya mjomba wake barabarani usiku. Msiba unaanza, wanawake wanajaa nyumbani, mjane anashutumiwa kwamba hakumtunza mumewe, na taratibu tunagundua kwamba mabinti wa ukoo wanalijua jambo kuhusu marehemu, na shangazi na mama zao wanalijua pia. Kanga wa kwenye jina la filamu ni ndege anayepiga kelele kuwaonya wenzake kwamba adui yupo. Katika nyumba hiyo heshima kwa marehemu imewekwa juu ya walio hai, na wanaotakiwa kupiga kelele wanapewa kazi ya kupika.

Kuna dhana moja ninayotamani ife kabisa, kwa sababu inawaumiza manusura mara ya pili: kwamba aliyeumizwa atakuja kuumiza. Sinema za kibiashara zimeilisha sana, kila muuaji sharti awe na utoto mbaya. Mwaka 1989 mtafiti Cathy Spatz Widom alichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 908 wa Marekani ambao mahakama zilithibitisha kuwa waliteswa au kutelekezwa, akiwalinganisha na wengine wa mazingira yanayofanana. Ndiyo, waliokumbwa na mateso walikamatwa na polisi kwa kiwango kikubwa zaidi baadaye. Lakini walio wengi hawakuwa na rekodi ya uhalifu. Hatari kupanda ni jambo moja, na hatima kuandikwa ni jingine.

Tahadhari hiyohiyo inahitajika kwa takwimu za afya. Utafiti wa Vincent Felitti na Robert Anda, uliochapishwa kuanzia mwaka 1998 na kuhusisha watu wazima zaidi ya 17,000 huko San Diego, uligundua kwamba karibu theluthi mbili walipitia angalau aina moja ya madhila utotoni, na kadiri aina zilivyozidi ndivyo magonjwa ya moyo, sonona na majaribio ya kujiua yalivyozidi ukubwani. Watu wamezigeuza hesabu hizo kuwa ramli: hesabu madhila yako, ujue utakufa na nini. Hazikukusudiwa kutumika hivyo kwa mtu mmoja mmoja. Upande wa pili upo, nao una ushahidi. Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia karibu watoto 700 waliozaliwa kisiwani Kauai, Hawaii, mwaka 1955. Kati ya waliokua kwenye mazingira magumu zaidi, takriban theluthi moja walikuja kuwa watu wazima imara, wenye kazi na familia zao. Jambo lililojitokeza tena na tena ni kwamba walikuwa na angalau mtu mmoja wa kuaminika: bibi, mwalimu, jirani. Ndiyo maana katika filamu hizi kuna mhusika mdogo ambaye watazamaji humsahau upesi, mpishi wa shule au mama wa rafiki, anayemwekea mtoto sahani bila kumuuliza kitu. Mwangalie vizuri huyo.

Ilitokea kweli? Maandishi yanayosema filamu imetokana na matukio ya kweli hayana kipimo kinachokubalika na wote. Huenda maisha yote ya mtu yamefuatwa hatua kwa hatua, huenda limechukuliwa tukio moja. Mwandishi huunganisha watu watatu kuwa mmoja, hubadili majina ili asishitakiwe au asimwanike mtu mwingine aliyeumizwa, huibana miaka kumi iwe wiki moja. Manusura wengi huichagua drama badala ya filamu ya makala kwa sababu hiyo hasa: inawaruhusu kuusema ukweli wa hisia bila kuiweka familia nzima mbele ya kamera. Kwa hiyo usiitumie filamu kama ushahidi wa mahakamani, na usiitupe kwa sababu jina la mtaa limebadilishwa.

Na mtoto anayeigiza? Nafurahi watu wanapouliza hili. Mara nyingi mtoto hayapitii yale tunayodhani tumeyaona. Maonyesho hupigwa vipande vipande: uso wa mtoto unapigwa akiwa anaongea na mwongozaji aliyesimama pembeni ya kamera, mtu mzima anapigwa siku nyingine, na mhariri ndiye anayewakutanisha. Katika The Tale, maonyesho ya kingono yalichezwa na mwigizaji mbadala mtu mzima, na filamu yenyewe inalisema hilo kwa maandishi mwishoni. Mzazi huwepo, na kwenye seti makini kunakuwa na mtu ambaye kazi yake ni kuhakikisha mtoto yuko salama. Filamu ambayo haikujali hayo haiwezi kujitetea kwa umuhimu wa ujumbe wake.

Kuhusu mwisho usio na hukumu, kumbuka ile miaka 23.9. Kesi inapofika, ikifika, mashahidi wamekufa, mkosaji ni mzee anayeheshimika au amezikwa, na baadhi ya sheria zimeweka ukomo wa muda wa kushitaki. Kunusurika, kama filamu hizi zinavyokuonyesha, kuna vipimo vidogo zaidi: mtu analala usiku mzima, anakataa mwaliko wa nyumbani bila kuomba radhi, analisema neno lenyewe kwa sauti. Kusamehe kunaweza kuwemo au kusiwemo. Anayemdai mhusika amsamehe baba yake ili yeye mtazamaji aondoke na amani anamtwika mzigo mwingine.

Mwisho, je, kuzitazama kunatibu? Kunaweza kumpa mtu maneno ambayo hakuwa nayo, na si jambo dogo. Lakini filamu si tiba. Tiba zilizothibitishwa zipo, zikiwemo za mazungumzo yanayolenga kiwewe moja kwa moja, na huongozwa na mtaalamu kwa mwendo ambao mgonjwa anaumudu, wakati filamu haikusubiri. Mwenye historia ya namna hii ana haki ya kusoma muhtasari kabla, kutazama mchana, kuwa na mwenzake, au kuzima katikati bila kujieleza kwa mtu.

Na kwa kuwa filamu hizi hufungua midomo, huenda mtu uliyekaa naye akakuambia jambo ambalo hajawahi kumwambia yeyote. Usimdai tarehe wala mpangilio. Usimuulize mbona hakusema mapema. Mwambie unamwamini, na kwamba halikuwa kosa lake. Kisha muulize anataka nini kifanyike, akiwa ni mtu mzima. Kama aliyekuambia ni mtoto, au kuna mtoto mwingine ambaye bado yuko mikononi mwa mtu huyohuyo, siri haiwezi kubaki kwenu wawili: mweleze hivyo wazi, usimwahidi vinginevyo, na upeleke taarifa siku hiyohiyo kwa wanaohusika na ulinzi wa watoto.